Ndugu yangu, ni habari ya pikapu

Assalaam aleikum nduyangu. Huku sote wazima alhamdulillahi, mvua zimepungua, na Mama mguu wake sasa anaukanyaga. Umenipigia mara tatu wiki hii sikushika. Usidhani nilikuwa na shughuli. Kuna jambo nilikuwa naogopa kukwambia, na najua kwa simu ningelipunguza, ndiyo maana nakuandikia.

Nimeiumiza pikapu ya mzee wako, ile uliyoniachia.

Ilikuwa Jumamosi, natoka Kwale na madafu ya arusi ya kina Saumu (arusi yenyewe ilifana, nitakueleza siku nyingine). Sikutaka foleni ya feri Likoni, nikashika barabara ya Dongo Kundu. Wewe uliondoka kabla haijaisha. Daraja la Mteza peke yake ni zaidi ya kilomita moja, upepo mtupu, magari machache. Nilikuwa gia ya tatu, mwendo kama 70, nataka kuingiza ya nne. Gunia nililoliweka kiti cha abiria likanilalia, nikalisukuma kwa kiwiko, na mkono uko kwenye gia. Mkono ukaenda na kiwiko. Badala ya ya nne nikaingiza ya pili.

Na gia ilikataa, wallahi. Ilinigomea kidogo, mimi nikaisukuma kwa nguvu, halafu nikaachia klachi yote kwa mara moja. Hapo ndipo ninaporudi kila usiku. Lau ningeiachia taratibu ningehisi gari linanivuta nyuma, ningekanyaga tena. Injini ilipiga ukelele sijawahi kuusikia, magurudumu ya nyuma yakalia, mkia ukayumba. Nilipokanyaga klachi yalikuwa yameshapita. Ikazima. Nikaiwasha, ikawaka inatetemeka, ti-ti-ti-ti, na moshi mweupe. Nikaizima palepale nikavutwa hadi Changamwe.

Nilimwuliza fundi: gari halikuwa mbio, vipi liharibike? Akaniambia injini ikiwa inavuta gari, hata ukikanyaga mafuta hadi chini, pampu ya dizeli ina kizuizi chake, haiiachi izunguke kupita mpaka wake. Lakini ukiingiza gia ndogo gari likiwa kwenye kasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hapo kizuizi cha mafuta hakina la kufanya. Valvu, vile vizibo vya kupitishia hewa na moshi, zinashindwa kurudi kwa wakati, pistoni inazikuta njiani. Alipima presha ya silinda, ya tatu imeshuka kabisa. Anasema ni valvu zilizopinda, ila pistoni hawezi kuziapia mpaka afungue hedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

Mwengine alikuwa pembeni pale, akanishauri nitie oili nzito, kelele ipungue, niiuze kabla hujarudi. Nilimwambia aniondokee. Gari ya amana, na ya marehemu!

Sasa kuna njia mbili na siwezi kuchagua peke yangu. Afungue hedi, abadilishe valvu, azitazame pistoni. Au aitoe injini nzima atie ya mtumba, jambo la siku mbili tu. Ya pili ni rahisi kwa fundi, lakini namba ya injini haitakuwa ile iliyomo kwenye logibuku, na hata kama karatasi zinabadilishika, mimi moyo haukubali. Ile injini mzee aliitunza kuliko alivyojitunza yeye. Gharama yoyote itakuwa juu yangu, hilo usinibishie. Nimeshaongea na Fadhili, zile pesa za chama chetu cha kuchangiana, atanipa zamu yake mwezi huu.

Juzi nilikwenda kuitazama, nikakaa kwenye usukani. Kile kirungu cha gia unakikumbuka? Namba zote zimefutika, kimekuwa laini kama kokoto ya pwani, ni kiganja cha mzee hicho. Nikakumbuka pale Tononoka anatufundisha, wewe mbele mimi nyuma nangoja zamu: “Usiikabe. Ivute kwa vidole, itakwenda yenyewe katikati.” Fundi kanieleza maneno yaleyale, kwamba gia ikiwa huru springi zinairudisha katikati, baina ya ya tatu na ya nne, ukiivuta chini tu hukosei. Nililijua hilo tangu tuna miaka kumi na saba. Nilikuwa nimelikaba gunia na gia pamoja.

Mama anauliza gari liko wapi. Nimemwambia liko kwa fundi, ambayo ni kweli, lakini si kweli yote, na kila akinimiminia chai najiona mwizi. Nimweleze mimi, au wataka umwambie wewe? Logibuku uliiacha kwake au unayo huko Doha? Mzee aliwahi kuifungua hedi ile? Na belti ya taiming ilibadilishwa lini, kuna daftari lolote aliandika? Yule fundi wake wa Kengeleni bado yuko, au ndiye yule aliyehamia Mtwapa? Nafikiri yeye ningemwamini zaidi. Na wewe, nduyangu, umekasirika kiasi gani? Niambie kweli, usinifichie kwa ajili ya urafiki.

Fundi hagusi kitu mpaka nisikie kutoka kwako. Piga hata usiku wa manane, safari hii nitashika.

Nduguyo,
Athumani