Shukrani kwa fundi wa Mwanakwerekwe

Ahsante sana fundi, uliyeikagua injini ya Volkswagen Kobe, inayopozwa kwa hewa ya feni, kabla haijafungwa. Mabati ya chini ya silinda yalishawekwa pembeni kama takataka. Bila hayo hewa ya feni hutoroka bila kupita kwenye mapezi, yale mabamba membamba ya silinda yanayotoa joto. Ukayakwangua mapezi yenyewe, yaliyoganda oili na vumbi, ukabadilisha na mipira ya kipoza oili. Silinda ya 3 ndiyo uliyoikazania: injini za kabla ya 1971 kipoza oili kinaikingia hewa, kwa hiyo huchemka mwanzo. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole ushuke kiasi cha milimita 15: ukilegea feni huzembea, ukikazwa mno beringi ya jenereta hufa. Na ule mpira wa kuzunguka injini, ambao mafundi wengi huudharau, ndio unaozuia feni isivute hewa ya moto kutoka chini. Allah akulipe kheri.