Mwanangu, hilo gitaa ni la nani?

Kilosa, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Habari ya safari yako ya kwenda kupiga muziki Maskati nimeipata kwa dada yako, si kwako. Sikukasirika, ila niliumia, maana jambo kama hili nilitegemea kuambiwa na mwenye safari. Anasema mkataba ni wa miezi sita, hoteli iko karibu na bahari, chakula na malazi juu yao, na kwamba mnaondoka watano. Nikamuuliza, vyombo vya muziki je? Akanijibu, "Mama, vyombo vipo hukohuko, hawabebi kitu." Tangu nisikie neno hilo usingizi umenipaa. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukiona nimeng'ang'ania jambo unasema mtandao unakatika.

Hilo gitaa utakalopiga huko ni la nani?

Sikuulizi kama unajua kupiga. Ile video ya harusi ya Mbagala nimeitazama mpaka mjukuu akaninyang'anya simu. Pale waimbaji waliponyamaza, wewe ukaingia na zile nyuzi nyembamba peke yako, nilimwita mama jirani aje asikie. Akasema huyu anapiga kama wa zamani. Nikaenda jikoni nikajifanya natazama maharage. Kwa hiyo usidhani mama yako hajui muziki eti kwa sababu miaka yote alikuwa akikuhimiza ushike uhasibu. Muziki niliujua kabla sijamjua baba yako.

Nilipoingia chuo cha ualimu Morogoro, mwaka 1972, mji ulikuwa umejaa wanafunzi. Chuo cha Kilimo tangu 1969 kilikuwa kitivo cha chuo kikuu, kule Mzumbe chuo cha uongozi wa maendeleo, IDM, ndiyo kwanza kimeanzishwa, na sisi walimu watarajiwa tupo. Jumamosi ikifika wote hao wanashuka mjini kutafuta dansi. Na dansi lilikuwepo. Kulikuwa na Cuban Marimba, bendi aliyoiacha Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965, ikashikwa na Juma Kilaza. Kulikuwa na Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe kwenye gitaa la solo, ambaye mwaka 1970 alikuwa amekwenda na wenzake mpaka Osaka, Japani, kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia. Mji mdogo vile, umejibanza chini ya Uluguru, na Wajapani wameusikia! Tulibishana kama watu wa Simba na Yanga. Bwenini kwetu kuna walionyimana pasi ya mkaa kwa ajili ya bendi. Mimi nilikuwa Cuban. Mjomba wako alikuwa Mbaraka mtupu, mpaka kofia aliiinamisha kama yeye.

Mjomba wako unayemjua wewe ni yule mzee wa kiti cha nje. Unakumbuka alivyokuwa akifanya na vidole kwenye mkono wa kiti, sina haja ya kukusimulia. Wa kwangu mimi alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa kilimo, na siku za mwisho wa juma alipiga gitaa la rithim kwenye bendi ya tatu pale mjini, ndogo, si hizo mbili nilizozitaja. Mwenye bendi alikuwa na baa. Magitaa yake, vipaza sauti vyake, tumba zake, hata zile suti za kijani walizovaa zilikuwa zake, zikifuliwa anazihesabu. Uzi ukikatika mjomba wako alichomoa waya kwenye breki ya baiskeli, akaufunga, na dansi likaendelea. Nilikuwa nakaa karibu na jukwaa. Chini ya lile gitaa, upande wa tumbo, palikuwa na mchubuko mrefu uliochorwa na chuma cha mkanda wake wa kiunoni, maana alilivaa chini sana. Nikifumba macho, hata katika huu uzee wangu, naliona.

Muziki ukamzidi, akaacha masomo. Baba, babu yako, hakusema naye mwaka mzima.

Sasa sikiliza hapa, ndipo ninapotaka usikilize. Miezi ikapita bila mshahara, mjomba wako akaenda kudai, yeye na mpiga tumba. Hawakupigana wala kutukanana. Mwenye bendi aliwaambia warudi Jumatatu. Jumatatu walikuta kufuli jipya kwenye chumba cha vyombo. Jumamosi ile mimi nilikwenda dansini sijui lolote, namtafuta kaka yangu jukwaani, namwona kijana mwingine kabisa, mgeni, kalivaa gitaa lenye mchubuko. Nilipotoka nje nilimkuta mjomba wako amesimama dirishani, upande wa jalala, anasikiliza. Walikuwa wanapiga wimbo alioutunga yeye. Aliniambia, "Yule hajui kukaba pale katikati." Hakusema kingine. Tulitembea kwa miguu mpaka karibu na chuoni kwetu bila neno.

Hakuwa peke yake, mwanangu. Ndivyo bendi nyingi zilivyokuwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Vyombo vya mwenye nyumba, na mpigaji ni mwajiriwa kama karani. Ukitoka, unatoka na mikono. Ndiyo, mwaka 1973 Mbaraka naye alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano, na mji ulizizima kwa habari hiyo. Utaniambia, mama, mbona yeye aliweza? Aliweza kwa sababu alikuwa Mbaraka. Watu wangemfuata hata angepiga debe. Mjomba wako hakuwa Mbaraka, na wewe, pamoja na mapenzi yote niliyo nayo kwako, bado.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwaka huohuo Redio Tanzania iliacha kupiga muziki wa nje, ikabaki na bendi zetu. Wenzake wakasikika asubuhi na jioni. Bendi yake ya zamani ilikuwa imeacha kanda mbili pale studio, zikawa zinapigwa, na rithim ni ya kwake. Anaisikia redioni kwa jirani, anashika jembe. Hana hata gitaa la kujifanyia mazoezi.

Kwa hiyo nauliza tena. Mkifika Maskati, meneja akikosana na bendi mwezi wa tatu, mtasimama wapi? Mtu mwenye chombo chake hufungasha, akatafuta ukumbi mwingine, akapiga hata kwenye harusi za Waswahili wa huko, maana wapo wengi na wanapenda mambo ya nyumbani. Asiye nacho anabaki chumbani anangoja. Pasi ya kusafiria nayo usimkabidhi mtu akuwekee. Dada yako amesema atakueleza, mimi sirudii. Mimi nashika la gitaa.

Na uhasibu hukutakiwa kuuacha namna ile, kwa ujumbe wa simu kwa mkuu wako. Hata kama moyo umekwisha, mtu anaaga. Umekuwa mtu mzima, sitakuchapa, lakini nimeona haya kwa niaba yako. Vitabu vya hesabu vilikufundisha kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Andika basi huko pia: siku mliyopiga, saa, mlicholipwa.

Umewahi kuniuliza kwa nini ile cherehani haikuuzwa hata tulipouza ng'ombe. Niliinunua Machi 1974, kwa mishahara yangu ya kwanza ya ualimu. Wiki hiyohiyo mjomba wako alikuja na basi kutoka Morogoro kuniambia kuna Mgoa mmoja Dar es Salaam anahama, anauza gitaa lake kuukuu, na bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na ya cherehani. Nilimwambia ualimu haulipi. Nilikuwa nimeshaiwekea amana dukani. Alikula, akalala, asubuhi akanisaidia kuibeba kutoka dukani mpaka nyumbani, kichwani, akasema ni nzuri. Mmesoma wote kwa hiyo cherehani, wewe na dada zako. Basi.

Leo asubuhi nimekutumia laki tano na nusu. Ukiona ujumbe usidhani nimekosea namba. Zilikuwa za bati za jiko. Jiko litangoja, nimemwambia fundi aweke turubai upande wa mlango, na kuni nimezihamishia kwenye banda la kuku. Kuku wamebaki saba, yule mwekundu kaibwa au kaliwa na kicheche, sijapata ushahidi. Ongezea na zako, nenda Kariakoo na mtu anayejua magitaa, si rafiki anayejua maneno. Chukua na kasha gumu, na nyuzi za akiba seti tatu. Risiti iandikwe majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye pasi, na ukipita uwanja wa ndege uwe nayo mkononi, ili siku ya kurudi asitokee mtu akasema ni mali ya hoteli. Na ndani, kwenye kasha, andika jina lako kwa kalamu isiyofutika. La babu yako pia liandike. Alikuwa mkali, lakini jina lake ndilo ulilopewa.

Ukipata nafasi pitia kwa shangazi yako Tandika. Sahani yangu kubwa ya maua iko kwake tangu arobaini ya mjomba wako. Mwambie mama ameikumbuka, usimwambie nimeidai. Umpe dada yako aje nayo kwa treni hii mpya, aipakate, asiiweke juu kwenye mizigo. Dawa zangu za presha zipo mpaka mwisho wa mwezi, usihangaike.

Ukishanunua, piga picha unitumie. Risiti kwanza, gitaa baadaye.

Mimi mama yako