Barua kwa Kabamba: kumlipa fundi aache sigara

Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu yangu Kabamba,

Jambo sana kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Unasema patroni wa garaji amekubali kutoa pesa ili mafundi wake waache sigara, na kazi ya kupanga namna umepewa wewe. Vizuri. Ila ile hesabu uliyoniandikia, ya zawadi moja nono mwisho wa mwaka kwa kila atakayekuwa ameacha, usimpelekee bado. Itakula pesa na watu wataendelea kuvuta.

Sigara inamlipa mvutaji palepale. Akivuta pafu moja, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Zawadi ya Desemba haishindani na kitu cha sekunde, hasa kwa mtu aliyeacha jana. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi: hasira, njaa isiyoeleweka, usingizi wa kukatikakatika. Wengi wanaorudi kuvuta wanarudi ndani ya wiki za mwanzo kabisa. Kwa hiyo pesa ya patroni iwepo wiki hizo, kidogokidogo na mara nyingi. Kubwa zije nyuma.

Ningepanga hivi. Mtu anapuliza kwenye mashine inayoonyesha kama amevuta. Pumzi safi ya kwanza, franka 500. Ya pili 600, ya tatu 700, kila moja inapanda franka 100. Wiki ya kwanza wapime mara mbili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, vipimo 12; asiyeteleza atakuwa amepokea 12,600. Wiki ya pili hadi ya nne, vipimo vitatu kwa wiki, siku wasizozijua, ngazi ikiendelea kupanda kutoka 1,700 hadi 2,500: hapo ni 18,900 nyingine. Wiki ya tano hadi ya 12, kipimo kimoja kwa wiki, 2,500 bila kupanda, jumla 20,000. Kisha 25,000 akitimiza miezi sita na 25,000 akitimiza mwaka. Atakayefika mwisho bila kuanguka atakuwa amechukua 101,500. Kwa watu 20 patroni atenge milioni mbili na elfu 30, akijua kwamba hazitatoka zote.

Franka 500 usizidharau. Kazi yake ni kumfanya mtu asubiri kipimo cha jioni. Tena zinaongezeka juu ya zile ambazo hakuziacha kwa muuza sigara pale getini.

Kanuni ya kuanguka ndiyo roho ya mpango, na ndiyo watu wanayoikosea. Aliyevuta hapati kitu kwa kipimo hicho, na pumzi safi inayofuata inaanza tena kwa 500. Lakini akipuliza safi mara tatu mfululizo, mrudishe kwenye ngazi aliyokuwa ameifikia. Bila kushushwa, mtu aliyefika 2,300 anajua sigara moja ya Jumatano inamgharimu kipimo kimoja tu, na atahesabu kwamba inalipa. Bila kurudishwa, huyohuyo akiteleza mara moja ataona ngazi yote imebomoka, na kesho yake atanunua pakiti nzima. Watafiti John Roll, Stephen Higgins na Gary Badger walichapisha kipimo cha utaratibu huu Marekani mwaka 1996: walianza na dola 3, wakapandisha nusu dola kila mara, wakaongeza dola 10 kwa kila vipimo vitatu safi vilivyofuatana. Walioshushwa na kurudishwa hivyo walishikilia vizuri zaidi kuliko waliolipwa kiasi kilekile kila mara. Asiyefika kupimwa bila kutoa taarifa mhesabu kama aliyevuta. Ukianza kupokea visingizio, hutamaliza.

Sasa kipimo chenyewe, maana hapa ndipo garaji itakusumbua kuliko ofisi yoyote. Kipima-pumzi kinasoma monoksidi ya kaboni, gesi iliyomo kwenye moshi, kwa sehemu katika milioni moja. Mtu anavuta hewa, anaishika sekunde 15, kisha anapuliza polepole kwenye kimrija cha karatasi mpaka mapafu yaishe. Kimrija ni cha mtu mmoja, mara moja. Chini ya 7 kwa kawaida ni mtu asiyevuta, 7 hadi 9 ni mashaka, 10 kwenda juu ni mvutaji. Lakini gesi hiyohiyo inatoka kwenye ekzosi na kwenye mbabula, lile jiko la mkaa. Fundi aliyeshinda chini ya injini inayonguruma ndani ya hangari, au mama wa kantini aliyepika bukari (ugali) kwa makala (mkaa) kwenye chumba kisicho na dirisha, anaweza kupuliza namba ya mvutaji hali hajawahi kugusa sigara. Ukimnyima pesa mtu aliyeshinda vita siku nzima kwa sababu ya moshi wa Land Cruiser ya mteja, mpango umekufa siku hiyo, na wenzake wote watakuwa wamesikia kabla ya saa kumi na mbili.

Kwa hiyo kabla ya kumpima mvutaji yeyote, chukua mafundi wanne wasiovuta wa garaji hiyohiyo, wapime asubuhi wakifika na jioni wakitoka, siku tatu. Hapo utajua hewa ya pale inamwekea mtu namba gani. Asubuhi mara nyingi itakuwa chini, na mpaka wa 6 utafaa. Jioni ikiwa wasiovuta wenyewe wanafika 8 au 9, achana na kipimo cha jioni. Pima asubuhi tu, nje, mbali na magari, kabla mtu hajawasha injini, na wiki hiyo ya kwanza pandisha franka 200 kwa kila pumzi badala ya 100. Vipimo vinakuwa sita, na ngazi inafika palepale 1,700 mwanzoni mwa wiki ya pili.

Usisafishe mashine kwa alkoli, na aliyepaka mikono dawa ya alkoli asiiguse. Mvuke unachanganya kihisio. Thina na petroli vivyo hivyo, usiiweke kwenye meza ya rangi. Irekebishwe kwa gesi ya kupimia kama kitabu chake kinavyosema. Na usiinunue kabla ya kuuliza bei ya vimrija. Mashine inanunuliwa mara moja, vimrija vinaisha kila wiki, na mpango mwingi umefia hapo.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haikumbuki mbali. Gesi hiyo inapungua nusu kila baada ya saa nne hadi sita hivi, kwa hiyo aliyevuta Jumamosi usiku na chupa zake mbili za bia ya Simba atapuliza safi Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana kuanzia wiki ya pili unahitaji vijiti vya kotinini, vya mkojo au vya mate. Kotinini ni mabaki ya nikotini mwilini, inachukua saa 16 hadi 20 kupungua nusu, na haijali ekzosi wala makala. Wiki ya kwanza usiitumie. Mvutaji mzito aliyeacha Jumatatu bado atasomeka mvutaji Alhamisi, na utamwadhibu kwa sigara za wiki iliyopita. Pia vijiti havitofautishi sigara na tumbaku ya kunusa, wala na bazoka (ubani wa kutafuna) ya nikotini. Anayetumia bazoka mpime kwa pumzi peke yake. Upande wa pili, chicha (shisha) na bangi zinapandisha gesi ya pumzi vilevile, basi waambie mapema, wasije wakaapa kwamba hawajagusa sigara na wakawa wanasema kweli.

Udanganyifu utakuwepo, usiudhike nao. Wa kwanza ni wa asiyevuta kujiandikisha ili alipwe: usimwandikishe mtu mpaka apulize 10 au zaidi na kijiti chake kionyeshe kotinini. Wa pili ni wa kupuliza hewa ya juu ya kifua bila kushika pumzi. Hesabu sekunde kwa sauti, na ukiona ametoa kidogo, rudia baada ya dakika mbili. Wa tatu ni mkojo wa kuazima. Shika kikombe: ukiwa umepoa, haukutoka sasa hivi. Mate yanapunguza ugomvi huo, na heshima ya watu wazima inabaki.

Lipa papo hapo, akiwa bado amesimama mbele yako. Airtel Money au M-Pesa ni sawa, lakini gharama ya kutoa inakula pesa ndogo. Wiki ya kwanza noti mkononi ni bora. Mwenye hofu kwamba pesa itaishia kwenye pombe aandike tangu mwanzo anataka nini badala yake, unga, makala, au akiba ya minervali (ada ya shule) ya mtoto, na umwonyeshe daftari la akiba kila anapopuliza. Daftari liwe na namba badala ya majina. Patroni aone jumla tu. Akijua nani ameanguka, wiki ijayo huyo ndiye atakayepewa kazi za chini, na hakuna tena atakayejiandikisha. Kwa sababu hiyohiyo anayepima asiwe msimamizi wa kazi. Tafuta nesi wa kituo cha afya jirani, umlipe kwa saa.

Najua unachotaka kuniuliza, maana sisi ni watu wa likelemba, kuchangishana pesa kwa zamu: kwa nini kila fundi asiweke pesa yake kwanza, arudishiwe akiacha? Wazo si baya, na lilipimwa. Mwaka 2015 Scott Halpern na wenzake walichapisha utafiti wa watu 2,538, wafanyakazi wa CVS Caremark, kampuni ya dawa ya Marekani, pamoja na jamaa na marafiki zao. Walioahidiwa zawadi bila kuweka kitu walikubali kwa asilimia 90. Wale waliotakiwa kuweka dola 150 zao kwanza, waliokubali walikuwa asilimia 13.7. Miezi sita baadaye walikuwa wameacha asilimia 15.7 kwenye kundi la zawadi, 10.2 kwenye kundi la amana, na 6.0 kwa waliopata msaada wa kawaida tu. Walioikubali amana ilikuwa imewashika kweli, shida ni kwamba karibu kila mtu aliikimbia. Ufilipino, katika benki moja ya Mindanao, ilikuwa hivyohivyo: asilimia 11 tu ya wavutaji walioombwa ndio walifungua akaunti ya amana. Basi fungua mlango kwa pesa ya patroni. Baada ya wiki ya nne, wale waliosimama wakitaka kuanzisha likelemba yao ya sigara, waache waianzishe wenyewe. Mtu wa wiki ya nne ana kitu cha kukilinda. Wa siku ya kwanza ana kiu tu.

Usimwahidi patroni muujiza. Kwenye General Electric, utafiti wa Kevin Volpp wa 2009 ulitoa dola 750 kwa jumla: 100 kwa kumaliza mafunzo, 250 kwa kuacha ndani ya miezi sita, 400 kwa kushikilia miezi sita mingine. Walioacha na kushikilia walikuwa asilimia 14.7 dhidi ya 5.0. Kwa garaji ya watu 20, hiyo ni watatu badala ya mmoja. Pesa zilipokoma, baadhi walirudi: ilibaki 9.4 dhidi ya 3.6. Akisikia hivyo na akaona watatu ni wachache, afadhali asianze, kwa sababu atafunga mpango mwezi wa tatu na kuwaacha watu katikati ya ngazi. Mimi naona watatu ni wengi.

Mambo mawili madogo ambayo pesa haiyagusi. Moshi wa sigara unaufanya mwili uvunje kafeini haraka. Mtu akiacha, kahawa yake ya kawaida inamkalia mwilini muda mrefu zaidi, na ile mitetemo anayosema ni ya kukosa sigara inaweza kuwa vikombe vitano vya kahawa. Apunguze kwa nusu wiki ya kwanza. Na ukipata bazoka za nikotini farmasini: anayewasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka atumie ya miligramu 4, wengine 2. Atafune polepole mpaka isisimue, aibane kati ya shavu na fizi, kisha atafune tena. Akiitafuna kama bazoka ya watoto, nikotini inakwenda tumboni, anapata kwikwi na anasema haifanyi kazi. Soda na kahawa asinywe robo saa kabla.

Nikikumbuka Jumamosi tena: hiyo ndiyo tundu ya mpango wako. Kipimo kimojawapo cha wiki kiangukie Jumapili mara kwa mara, watu wakitoka kanisani, na kilipwe mara mbili kwa usumbufu, nyongeza hiyo ikiwa juu ya ile hesabu ya mwanzo.

Wale wanne wasiovuta ukishawapima, nitumie namba zao za asubuhi na za jioni, na uniambie hangari ina milango mingapi inayobaki wazi. Nitakuandikia namba ya mpaka uiweke wapi. Msalimie mama na watoto.

Ndugu yako,
Mwamba