Usiisaini bado

Shabani ndugu yangu,

Salamu baadaye. Mama Zuwena kanipigia: barua ya kuacha kazi ili uwe seremala umeshaichapa, bado sahihi tu. Iache mezani kwanza.

Ya ofisini nayamaliza haraka. Unatoa notisi ya siku 28, na ukiondoka kwa hiari usitarajie kile kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka. Hicho ni cha anayeachishwa. Mkopo wa benki wa kiwanja unabaki palepale. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, iliyozoea kukukata asilimia 15 ya mshahara kimyakimya, sasa itakudai wewe mwenyewe.

Haya, useremala. Mikono unayo, nani atabisha? Ile stuli ya mkongo, mzee Kondo aliipindua akitafuta msumari, akakosa, akanuna! Lakini pale Keko, kwa mafundi wa samani Dar, fundi haangushwi na randa. Anaangushwa na advansi, malipo ya mwanzo. Mteja wa kitanda analipa nusu, unanunua mbao, kumbe mbichi. Kodi ya fremu, chumba cha kazi, inafika. Anakuja mteja wa kabati na nusu yake, inamalizia kitanda. Nusu ya mteja wa tatu inamalizia kabati. Mwezi ambao wa nne hatokei, fundi anazima simu, na mjini wanasema mafundi waongo.

Dawa yake ni mbao kavu uliyokwisha kuilipia, na hiyo inanunuliwa na mshahara. Kwa hiyo mshahara usiukimbie, utumie. Kila mwezi nunua vipande vichache, kwa risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, wakala wa misitu, maana mzigo ukikamatwa njiani umekwenda. Panga kivulini, weka fito katikati ya tabaka na tabaka upepo upite, paka rangi kwenye ncha zisipasuke. Ya inchi 2 inataka miezi mingi. Ukiiunga mbichi itasinyaa nyumbani kwa mteja, kiungo kilegee, na ukarabati ni wako bure.

Wakati zinakauka, chukua oda moja tu, ya Jumamosi. Andika kila kitu: mbao, gundi, kuranda mashineni, vanishi, kirikuu. Halafu siku zako. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, kwa kitanda ni siku nzima peke yake, na wengi hawaiandiki kwa sababu wanaipenda kazi. Hapo ndipo mapenzi yanapokula mtaji, kisha unaigusa advansi ya mtu, unarudi palepale.

VETA, chuo cha ufundi, wana kozi fupi pia, ila wewe kinachokupungukia ni daftari, si patasi.

Sasa nijibu. Deni la benki limebaki miezi mingapi? Shemeji anajua, au kaambiwa na Mama Zuwena kama mimi? Fremu ni ya kodi ya miezi mingapi mbele? Na huyo bosi unayemkimbia, akihamishwa kesho, bado utataka randa?

Nakusubiri Jumapili, uje na daftari.

Wako,
Idi