YAH: TAA NYEKUNDU YA CHUMBA CHA GIZA NA MAELEZO YANAYOUNGUZA FILAMU

Mafundi picha,
Ngamiani, Tanga.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Karatasi ya maelezo iliyokuja na taa yenu inasema taa hiyo ni "salama kwa filamu zote nyeusi na nyeupe". Si kweli. Kosa hilo limetuunguzia filamu mbili za HP5 Plus, zote za harusi ya mteja, na harusi hairudiwi.

HP5 Plus, kama ilivyo Tri-X, ni filamu ya pankromatiki: inaona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Kuitoa kwenye kaseti na kuivingirisha kwenye rili (gurudumu la kushikilia filamu) hufanyika kwa kupapasa, giza totoro, hadi mfuniko wa tangi la kusafishia ufungwe. Ukishafungwa, washa hata taa ya sebuleni. Taa nyekundu haina nafasi hapo. Isiyoona nyekundu ni filamu ya ortokromatiki, na hata hiyo hutaka nyekundu iliyokolea. Kazi hasa ya taa hizi ni karatasi za picha nyeusi na nyeupe.

Msilaumu dawa wala joto la Tanga. Filamu ya tatu, ya boksi lilelile, tuliipakia gizani. Zote tatu zilisafishwa kwa dawa ya D-76 isiyozimuliwa, dakika 7 na nusu, nyuzi 20, maji tukiyapoza kwa barafu. Ya tatu ina kingo angavu na namba za fremu zinasomeka. Zile mbili ni nyeusi tii hadi baina ya matundu ya pembeni, kama chimni iliyojaa masizi, maana negativu huwa nyeusi pale ilipoguswa na mwanga.

Hata kwa karatasi taa yenyewe ina dosari. Globu ni ya wati 15, lakini rangi imebanduka shingoni, na upenyo wa punje ya mtama unavujisha mwanga mweupe. Tuliipiga karatasi mwanga hafifu kwanza, maana isiyoguswa na mwanga huficha kosa, tukaweka sarafu juu yake mita 1.2 kutoka kwenye taa kwa dakika 5. Ilipoingia kwenye dawa, duara la sarafu likajitokeza waziwazi, yaani mwanga wa taa uliigusa karatasi pembeni mwake.

Tunadai fedha ya taa na ya filamu mbili. Maelezo yaandikwe upya kuwa taa ni ya karatasi tu, na waliokwisha kuinunua wajulishwe kabla hawajaunguza kazi za watu.

Tumeambatanisha vipande vya negativu zote tatu na karatasi ya sarafu. Tunasubiri majibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mafundi picha, Ngamiani.