Barua kwa mjomba aliyezima taarifa ya saa moja

Mjomba,

Shikamoo. Ijumaa ile ulipozima runinga katikati ya habari za saa moja ukasema kuhusu wasomaji wa habari wa siku hizi "hawa watoto hawajui kusoma, wanajua kujipodoa tu," nilinyamaza kwa sababu mama alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza. Leo hayupo karibu.

Nusu ya maneno yako nayakubali. Marehemu Badi Muhsin, msomaji wa habari wa KBC, alikuwa na Kiswahili kilichotulia kinywani, kila irabu mahali pake, na bado sijamsikia wa kumfikia. Lakini taarifa zile za KBC, shirika la utangazaji la serikali, zilikuwa na nini ndani, Mjomba? Zilianza na Mtukufu Rais: amekwenda wapi, amefungua nini, amewaonya akina nani. Kisha mawaziri wakirudia aliyoyasema. Msomaji hodari aliyekabidhiwa karatasi ya namna hiyo alikuwa kama mpishi hodari aliyepewa mchele wenye mawe. Wewe unaukumbuka upishi, mawe umeyasahau.

Runinga ilifika Kenya mwaka 1962, na kwa takriban miaka 28 mwenye nyumba alikuwa mmoja tu, akiitwa VoK (Sauti ya Kenya) au KBC. Kisha Machi 1990 ikaja KTN, runinga ya binafsi. Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu haikuzaliwa na waasi. Iliasisiwa na Jared Kangwana, KANU yenyewe, chama tawala cha wakati huo, ikiwa na mkono wake, ikapangishwa Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi. Hebu fikiria jengo hilo: chini kuna vyumba ambamo watu walikuwa wakiteswa, juu mtu anapakwa poda asome habari. Na kituo hicho hicho ndicho kilichotuzoesha, polepole, kumsikia mpinzani akijisemea mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo? Huyu alikataa.

Catherine Kasavuli alitoka kwenye redio na runinga ya serikali akaenda huko, akawa mwanamke wa kwanza nchini kusoma habari za runinga mubashara. Wewe humsifu kwa sauti na mavazi. Mimi namsifu kwa lile neno mubashara. Mkanda ukikwama, picha ikichelewa, kamera inabaki usoni pako na hakuna wa kukukatia. Mtu aliyezoea kusikiliza kila neno likiwa limepimwa kabla halijatoka sidhani kama anajua woga huo. Mwaka 2021 KBC ilipowarudisha wakongwe hewani, alirudi, na ukatupigia simu sote tufungue runinga. Desemba 2022 saratani ikamchukua. Najua ulilia. Shangazi alituambia.

Sasa nikuambie ninachokumbuka mimi, kwa sababu umri wangu haukunipa sura hizo. Mimi nakumbuka skrini nyeusi. Machi 2006 polisi waliojifunika nyuso walivamia gazeti la Standard na KTN usiku, wakachoma magazeti, wakazima kituo. Waziri wa usalama, John Michuki, akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Februari 2015 vituo vya binafsi KTN, NTV na Citizen vilitoweka kwa karibu wiki tatu, ugomvi wa kuhamia dijitali na nani amiliki mitambo ya kurushia matangazo. (Huo ulikuwa pia ugomvi wa pesa, sitawapamba.) Wewe uliendelea na KBC yako kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kisha Januari 30, 2018. Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, anasubiriwa Uhuru Park, Nairobi, ajiapishe kuwa "rais wa wananchi", nasi tunatazama, ghafla hakuna kitu. Vituo vimezimwa. Kule NTV, wanahabari Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu walilala ofisini kwa hofu ya kukamatwa wakitoka nje. Mahakama iliamuru vituo virudishwe, lakini amri ilikaa siku kadhaa kabla ya kutiiwa, na Citizen ikawa ya mwisho kurudi. Hao watatu ni wa kizazi hiki hiki unachokiita cha kujipodoa, Mjomba.

Ndiyo, wapo wanaochanganya "hapo" na "hapa", wapo wanaocheka na mgeni wa studio wakasahau swali. Wakisema "kwa mujibu wa ripoti" bila kutaja ripoti ya nani, hata mimi huirushia runinga mto. Lakini Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mume na mke, walipokaa meza moja kusoma Nipashe, taarifa ya Kiswahili ya Citizen, ulisema ni maigizo, na bado hukusimama kwenda kulala hadi michezo ikaisha. Nilikuona.

Ijumaa nitakuja. Mwambie shangazi asinipikie, nitakuwa nimekula. Na rimoti nitaishika mimi.

Mpwa wako