Seramu ya vitamini C: asilimia peke yake haitoshi

Mhariri,

Kurasa za urembo huzisifu seramu za vitamini C, yaani majimaji ya kupaka usoni, kwa asilimia ya vitamini iliyomo: kumi, ishirini, hata thelathini. Namba hiyo haimwambii mnunuzi kama vitamini yenyewe itapenya ngozi. Tunaomba muandike pia kuhusu pH, kipimo cha uasidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi.

Mwaka 2001 timu ya Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipima kwenye ngozi ya nguruwe na kuona kwamba asidi ya askobiki, yaani vitamini C halisi, hupenya pH ikiwa chini ya 3.5. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo molekuli nyingi zaidi zinavyobeba chaji, na tabaka la juu la ngozi huzizuia. Upenyaji ulifikia kilele kwenye asilimia 20. Zaidi ya hapo ulishuka. Kwa hiyo, ile asilimia thelathini ni hasara tupu. Magnesi askobili fosfati, aina nyingine ya vitamini C ambayo husifiwa kwa upole wake kwa ngozi, haikuongeza vitamini C ndani ya ngozi katika majaribio hayohayo.

Tatizo la pili ni kuharibika. Hewa, mwanga na joto huigeuza seramu kutoka rangi ya maji hadi njano, kisha kahawia. Ikishafika kahawia, itupwe. Asidi ya feruliki, kemikali itokanayo na mimea, husaidia: mwaka 2005 timu ileile ilichanganya vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki asilimia 0.5, na kinga dhidi ya madhara ya jua ikapanda kutoka takriban mara nne bila feruliki hadi mara nane. Chupa iwe ya rangi nzito, ifungwe vizuri kila baada ya kutumiwa. Matone manne au matano asubuhi, kwenye ngozi kavu, yanatosha. Ikiwasha, ipakwe siku moja na kurukwa siku moja.

Maji ya limau hayawezi kuchukua nafasi ya seramu. Yana kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka yanayodumu miezi.

Lakini linalotusikitisha zaidi ni seramu kunadiwa kabla ya mafuta ya kukinga jua. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliopangiwa kujipaka mafuta hayo kila siku, ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko ya wale waliojipaka walipopenda. Vidonge vya betakarotini, miligramu 30 kwa siku, ambayo kama vitamini C ni antioksidanti (kizuia uharibifu wa seli), havikuleta tofauti ya jumla.

Namba ya kinga (SPF) iliyoandikwa kwenye chupa ya mafuta hayo hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Wengi hupaka nusu ya hapo au chini zaidi, kwa hiyo hawapati kinga waliyoilipia. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili ya mafuta yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, upake juu ya seramu iliyokauka, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani.

Wasomaji wenu,
Wafamasia wa vipodozi